Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji: Ruvuma upimwe kwa kipimo kimoja

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Maji,
Dodoma.

YAH: UWEZO WA TANZANIA NA MSUMBIJI KUSIMAMIA BONDE LA MTO RUVUMA KWA PAMOJA

Ndugu Katibu Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaokuandikia ni wataalamu na mafundi wa maji, pamoja na viongozi wa watumia maji, wa huku Mtwara. Ombi letu tunaliweka mwanzoni lisije likapotea katikati ya maelezo. Kabla fedha nyingine haijaingia kwenye warsha, mipango kabambe au michoro ya mabwawa ya Ruvuma, iundwe timu moja ya kudumu ya nchi mbili, yenye makao Mtwara, na kazi yake ya kwanza iwe kupima maji ya mto huu kwa utaratibu mmoja na kubadilishana takwimu kila siku.

Msingi wa kisheria upo. Itifaki ya SADC ya mito inayochangiwa na nchi zaidi ya moja, ile iliyorekebishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2003, inazitaka nchi zigawane matumizi kwa haki, zisiumizane, na zipeane taarifa kabla ya kuanza mradi unaoweza kuathiri upande wa pili. Mwaka 2006 Tanzania na Msumbiji zilisaini makubaliano ya kuunda kamisheni ya pamoja ya maji ya Ruvuma. Upande wetu kuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Wenzetu wa Msumbiji wana ARA-Norte, mamlaka ya maji ya kanda yao ya kaskazini. Hatuombi chombo kipya wala mkataba mpya. Tunaomba vilivyopo vipewe watu, ndio timu tunayoiomba, na vitendea kazi.

Kwa nini tunaanzia kwenye kipimo? Kwa sababu Ruvuma haupimiki na nchi moja. Mto unaanzia milima ya Matogoro, Songea, na kwa zaidi ya kilomita 600 ndio mpaka wenyewe. Ili kujua kiasi cha maji yanayopita, mpimaji anavuka kwa mtumbwi au boti kutoka ukingo hadi ukingo, akisimama kila baada ya mita kadhaa. Akifika katikati ameshaingia Msumbiji. Akirudi nyuma, amepima nusu ya mto, na nusu ya mto haina maana yoyote, maana mkondo mkuu mwaka huu uko ukingo wetu na mwakani umehamia ng'ambo. Kila kipimo kamili cha Ruvuma ni safari ya kuvuka mpaka. Pasipo na kibali cha pamoja, mpimaji anabaki kusoma kibao cha kina pembezoni na kukisia mengine.

Halafu bonde lenyewe, karibu theluthi mbili, liko Msumbiji, na tawi lake kubwa, Lugenda, lote linapita kwao hadi linapoungana na Ruvuma eneo la Negomano, jirani na Mtambaswala yetu ya Nanyumbu lilipo Daraja la Umoja. Malawi nayo ina kipande kidogo upande wa Ziwa Chiuta. Mkulima wa mpunga wa Kitaya na abiria wa kivuko cha Kilambo wanategemea mvua ambayo nyingine imenyesha Niassa, jimbo la Msumbiji. Bila takwimu za Lugenda, Mtwara hatujui nini kinatujia.

Tuingie kwenye mambo yanayoharibika, maana ndiyo yanayoeleza uwezo gani unahitajika. Kwanza saa. Msumbiji iko saa moja nyuma yetu. Msomaji wa kipimo wa kwetu anayesoma saa 3 asubuhi anasoma wakati mmoja na mwenzake ambaye kwao ni saa 2. Wasipokubaliana, mafuriko yaleyale yataonekana yamefika kwa nyakati mbili tofauti. Na huku kwetu kuna mtego mwingine: msomaji anaandika "saa 3", anayeingiza kwenye kompyuta anaweka 3:00, na kipimo cha asubuhi kinageuka cha usiku wa manane. Pili ni nukta ya desimali. Kwa Kireno mkato ndio unaotenga desimali. Kina cha "1,250" kwao ni mita moja na robo. Kwenye jedwali letu kinaweza kusomeka mita elfu moja mia mbili hamsini, au mfumo ukakikataa kabisa na kuacha pengo. Fomu moja ya lugha mbili, yenye safu zilezile kwa mpangilio uleule, saa ya aina moja, na sentimita nzima badala ya desimali, inamaliza matatizo yote hayo. Haihitaji hata senti ya mfadhili.

Tatizo la tatu ni zito zaidi, nalo ni sifuri ya kibao, yaani usawa ambao kina kinaanza kuhesabiwa. Vibao vya kupimia kina husimikwa kwa ngazi, kimoja juu ya kingine kupanda ukingo, kila kimoja kikianza kabla cha chini yake hakijaisha. Kila seti lazima ifungwe na alama ya kudumu ya usawa iliyojengwa kwa zege mahali ambapo maji hayafiki. Mafuriko ya Februari au Machi yakija na magogo, kibao cha chini kinapinda au kinaondoka. Fundi anakuja kiangazi, anapigilia kipya kwa kukadiria kwa macho, bila kupima usawa kutoka kwenye alama. Kuanzia siku hiyo kitabu kina takwimu za mito miwili: ya kabla na ya baada. Hakuna anayegundua, kwa sababu tarakimu zinaendelea kuandikwa vizuri tu.

Madhara yake yanahesabika. Chukua sehemu yenye upana wa mita 200, maji yakienda nusu mita kwa sekunde. Kosa la sentimita 10 kwenye kibao ni mita za ujazo 10 kwa sekunde, yaani lita 10,000. Shamba la mpunga wa kumwagilia linahitaji takriban lita moja kwa sekunde kwa hekta. Kwa hiyo kosa la upana wa kiganja linaweza kuzaa au kufuta hekta 10,000 za mpunga kwenye karatasi. Hapo ndipo mazungumzo ya kugawana maji yanapovunjika: kila upande una kitabu chake, kila upande unaamini chake, na vyote viwili vina makosa.

Dawa yake ni usawa kupimwa mara mbili kwa mwaka, Novemba kabla ya mvua na Juni baada ya maji kushuka, na mafundi wa nchi zote mbili wakiwa pamoja, wakitumia alama moja na kusaini karatasi moja. Ukingo wa Tanzania na ukingo wa Msumbiji vikisomeka kutoka alama ileile, ubishi unapungua nusu.

Kina peke yake bado si mtiririko, yaani kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde. Ruvuma, hasa ukishapita Mtambaswala, ni mto wa mchanga: mikondo mingi, visiwa vinavyozuka na kumezwa, kitanda kinachohama kila msimu. Kwenye mto wa mwamba, uhusiano wa kina na mtiririko ukiupata unaweza kudumu miaka. Hapa mafuriko mamoja yanaweza kuufuta. Kwa hiyo mtiririko upimwe angalau mara moja kwa mwezi kiangazi, kila baada ya wiki mbili masika, na mara tu baada ya kila mafuriko makubwa. Utaratibu unajulikana: upana ugawanywe vipande visivyopungua 20, kipande kimoja kisibebe zaidi ya asilimia 10 ya maji yote; kina kikiwa chini ya sentimita 75 kasi ipimwe mara moja, kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu; kikizidi hapo ipimwe kwenye asilimia 20 na asilimia 80, kisha ichukuliwe wastani. Vifaa vya mawimbi ya sauti vinavyofungwa kwenye boti vinafanya kazi haraka, lakini kitanda cha mchanga kinachotembea wakati wa mafuriko kinavidanganya: kifaa kinadhani boti ndiyo iliyosogea, na mtiririko unasomeka pungufu. Lazima kitumike pamoja na GPS, kifaa kinachoonyesha mahali kwa setilaiti. Fundi asiyefundishwa hili ataleta takwimu nzuri kwa macho na mbovu kwa kazi.

Tunapendekeza kuanza na vituo vitatu tu: Ruvuma juu ya makutano, Lugenda kabla ya makutano, na Ruvuma chini ya makutano. Vituo hivi vinakaguana vyenyewe. Maji ya viwili vya juu yakijumlishwa yakaribie ya kile cha chini. Yasipokaribia, kuna kibao kilichosogea au kitabu kilichopikwa. Baadaye kiongezwe cha nne karibu na Kilambo, ambako pamoja na kina ipimwe chumvi, kwa kuwa mto ukipungua mwezi wa Oktoba na Novemba maji ya bahari yanapanda na mkondo. Yeyote anayefikiria kuchota maji Ruvuma ya chini kwa ajili ya mji anahitaji kujua yanapanda hadi wapi, na kwa mtiririko gani.

Kuhusu vitabu vilivyopikwa, tuseme wazi. Msomaji wa kipimo ni mwanakijiji anayelipwa posho ndogo. Posho ikichelewa miezi mitatu, anaacha kushuka mtoni, na mwisho wa mwezi anajaza kitabu akiwa nyumbani. Kitabu cha namna hiyo kinajulikana: kina kinashuka kwa hatua sawasawa, sentimita mbili mbili kila siku, tarakimu za mwisho ni sifuri na tano, mvua kubwa imenyesha na mto haukupanda, wino ni mmoja na mwandiko haujabadilika tangu tarehe mosi hadi thelathini. Hatumlaumu msomaji. Alipwe kila mwezi kwa simu, atume kipimo kwa ujumbe mfupi palepale ukingoni, na mtu mmoja ofisini awe na kazi ya kumpigia siku ujumbe usipofika. Ajengewe pia ngazi salama ya kushukia, maana Ruvuma una mamba, na hakuna posho inayostahili mguu wa mtu.

Faida ya haraka ni tahadhari ya mafuriko. Kutoka makutano ya Lugenda hadi Ruvuma unapoingia baharini ni zaidi ya kilomita 200. Wimbi la mafuriko likienda mita moja kwa sekunde linatembea kilomita 86 kwa siku. Kwa hiyo ujumbe mmoja kutoka Negomano unaweza kuwapa watu wanaolima mabondeni na visiwani siku mbili za kuhamisha mahindi, mbuzi na watoto. Muda halisi utajulikana vituo vikishafanya kazi masika mawili matatu. Ujumbe uende moja kwa moja kwa watendaji wa vijiji vya kingo zote mbili, kwa Kiswahili, Kireno, na kwa redio Kimakonde na Kimakua pia.

Sehemu ya sheria tutaipitia kwa kifupi. Itifaki inatoa miezi sita kwa nchi iliyotaarifiwa kuupitia mradi wa jirani na kujibu. Usipojibu, jirani anaruhusiwa kuendelea. Miezi hiyo huliwa na barua inayotembea kutoka wizara hadi wizara, na inapomfikia mtaalamu haina takwimu. Iwepo fomu moja ya taarifa inayotaja mahali, lita kwa sekunde zitakazochukuliwa kwa kila mwezi wa mwaka, kiasi kitakachorudi mtoni, urefu wa ukuta kama ni bwawa, na kiasi kitakachoachwa kipite mwezi mkavu kuliko yote. Nakala ifike kwa timu ya pamoja siku ileile inapofika wizarani.

Timu yenyewe isizidi watu kumi: mtaalamu wa mtiririko na mafundi wawili kutoka kila nchi, mtunza takwimu, mwanasheria, mkalimani wa Kireno na Kiswahili ambaye pia anaandika mihtasari, na nahodha wa boti. Mkalimani asichukuliwe kama pambo. Muhtasari uliosainiwa kwa lugha moja husomwa na upande mmoja.

Fedha za kuianzisha zinaweza kutoka kwa washirika wa maendeleo. Fedha za kuiendesha zisitoke huko. Mradi wa miaka mitatu unaacha gari, kompyuta na mitambo ya kupima yenyewe. Mwaka wa nne betri zimekufa, bando limekatika na gari halina matairi. Posho za wasomaji, mafuta ya boti, betri na bando viwekwe kwenye bajeti ya kawaida ya nchi zote mbili, kila nchi ikilipia vituo vya upande wake na kugawana nusu kwa nusu gharama za vipimo vya katikati ya mto. Sehemu ya ada za vibali vya kutumia maji za bonde hili itengwe kwa kazi hiyo na itangazwe kila mwaka.

Usalama hatuwezi kuupita. Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado mwaka 2017, na hasa baada ya shambulio la Kitaya la Oktoba 2020, boti yenye watu na vifaa visivyojulikana katikati ya mto ni jambo la hatari kwa wapimaji wenyewe. Wapimaji wawe na kitambulisho kimoja kinachotambuliwa na vyombo vya nchi zote mbili, ratiba ya safari itolewe mapema kwa kamati za usalama za wilaya za kingo zote, na maeneo yasiyofikika yawekewe mitambo inayotuma takwimu yenyewe.

Tunaomba mambo matatu yafanyike kabla ya mvua za Novemba: barua yako kwa mwenzako wa Maputo ikipendekeza vituo vitatu na fomu moja, maelekezo kwa Bodi ya Bonde kupima usawa wa vibao vyote vya Ruvuma pamoja na mafundi wa ARA-Norte, na kibali cha pamoja cha boti ya upimaji kuvuka mto mzima. Rasimu ya fomu ya lugha mbili tumeiandaa na tuko tayari kuikabidhi ofisi ya Bonde hapa Mtwara siku yoyote itakapoitwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wataalamu, mafundi na watumia maji wa Mto Ruvuma,
Mtwara.

Nakala:
Mkuu wa Mkoa wa Mtwara
Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini
Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri za wilaya zinazopakana na Mto Ruvuma