Barua ya Wazi kwa Mwakilishi Wetu Ohio: Kura ya Mama Iko Wapi?

Mheshimiwa Mwakilishi,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili kiti chako katika Baraza la Wawakilishi la Ohio. Nimekuandikia mara mbili kwa Kiingereza, hukujibu. Sasa naandika kwa Kiswahili, lugha uliyoisifu ulipokuja kanisani kwetu, na naiweka barua hadharani ili wenzangu waisome. Ukitaka kujua nimesema nini, tafuta mkalimani. Sisi tunamtafuta kila siku.

Jana nilipiga ile namba ya simu iliyo kwenye karatasi aliyopewa Mama siku ya uchaguzi, tarehe 5 Novemba 2024. Nikaambiwa kura yake haikuhesabiwa. Sijamwambia. Nimeificha karatasi kwenye droo ya vijiko, na kila akiniuliza namjibu bado wanahesabu.

Nataka umjue huyu mama. Alitoka Fizi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996, akavuka Ziwa Tanganyika usiku, mimi nikiwa mgongoni, akaingia Kigoma, Tanzania. Tukaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka ishirini na zaidi. Watanzania walipiga kura zao, sisi tukayaona magari ya kampeni yakipita barabarani, hayakuwa yetu. Mwaka 2006 Wakongo walipopiga kura nyumbani, tulikaa kambini tukisikiliza redio. Mama hakuwahi kuishika karatasi ya kura mkononi, si kwao, si ugenini.

Tulipofika Ohio alianza kusoma. Alibandika maswali ya uraia jikoni, juu ya sinki. Wakati huo yalikuwa 100, ukiulizwa hadi 10, na lazima upate 6. Kulikuwa na linalouliza makao makuu ya jimbo lako ni mji gani, na jingine linauliza haki gani ni ya raia peke yake. Hilo la pili alikuwa akilijibu hata akikoroga ugali: kupiga kura. Agosti 2024 alikula kiapo, na siku hiyohiyo watu wa kujitolea waliokuwa mlangoni wakamwandikisha kuwa mpiga kura.

Siku ya uchaguzi alivaa kitenge chake cha Pasaka. Tukapanga foleni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alipofika mezani akatoa kitambulisho chake cha jimbo, na karani akakiangalia sana. Kadi ile alichukua kabla ya kiapo, na juu yake pameandikwa kwamba mwenye kadi si raia. Hakuna aliyetuambia twende tukaibadilishe. Si siku ya kiapo, si siku ya kuandikishwa. Basi mama yangu, aliyekula kiapo, aliyefaulu mtihani, akasimama mbele ya watu wote huku kadi yake ikimkana.

Wakampa kura ya muda, ile inayowekwa kando hadi mpiga kura athibitishwe. Karani alisema kwa upole, sitamsingizia, kwamba ana siku 4 kupeleka uthibitisho wa uraia wake. Siku 4! Hati ya uraia tulikuwa tumeituma pamoja na maombi ya pasipoti, maana ukiomba pasipoti hati yenyewe halisi ndiyo wanayoitaka. Nilikosa zamu mbili za usiku ghalani, bila malipo, nikapanda mabasi kwenda kuuliza, nikasubiri, nikaambiwa nakala ya kwenye simu haifai. Jumamosi ikaisha. Hati ilirudi kwa posta wiki mbili baadaye.

Mheshimiwa, sharti la kadi yenye picha, kuchapwa kwa neno hilo kwenye kadi, na siku 7 za kupeleka uthibitisho kufanywa 4, vyote vimo katika sheria moja, namba 458, iliyopita katika bunge lenu Desemba 2022 na gavana akaisaini Januari 2023. Si Washington. Ni nyinyi, hapo Columbus, makao makuu ya jimbo letu. Watu wetu hubishana sana juu ya rais, lakini mlango aliofungiwa Mama umetengenezwa kwenye uchaguzi ule mdogo wa jimbo, ambao wengi wetu hatujui hata majina ya wagombea.

Nimejiuliza kwa nini hamkuona. Nadhani, na nisahihishe kama nakosea, ni kwa sababu viti vyenu havitikisiki. Mwaka 2015 wananchi wa Ohio walibadilisha katiba ili ramani za uchaguzi zichorwe kwa haki. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya jimbo ilizikataa ramani za viti vyenu mara 5, na bado uchaguzi ukafanyika kwa ramani ambayo mahakama hiyo ilikuwa imeikataa. Mtu akichorewa kiti namna hiyo, kura ya bibi mmoja kutoka Fizi ataionaje?

Na kura yenyewe ilikuwa yako. Ndiyo, Mama alikuchagua wewe. Alikukumbuka kwa sababu ulikula sambusa zake ukamshika mkono kwa mikono miwili. Siku ile ulisimama mbele ya kwaya ukasema mlango wa ofisi yako uko wazi, na kwamba utarudi baada ya uchaguzi. Nimefika mlangoni hapo. Nimeacha jina langu na namba yangu.

Ninaomba mtu akila kiapo apewe kadi mpya bila kuhangaika. Ninaomba siku zirudishwe kuwa 7. Ninaomba karatasi za maelekezo kwa Kiswahili, maana sheria ya nchi inayolazimisha lugha nyingine vituoni haiihesabu lugha yetu. Najua utasema mambo haya yanahitaji kura za wenzako 98, na Seneti, na gavana. Sawa. Basi niachie moja ambalo halihitaji kura ya mtu yeyote.

Njoo. Ibada yetu inaisha saa saba mchana, Jumapili yoyote. Mimi nimeshindwa kumwambia Mama. Njoo umwambie wewe kura yake iko wapi, na umwambie kwa mdomo wako kwamba yeye ni raia.

Wako kwa heshima,
Binti yake, mpiga kura wa wilaya yako