Wenye mashine za dizeli, angalieni mafuta kabla hamjafungua pampu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wenye mashine za dizeli za zamani, hizi Lista za kusaga na zile za kuvuta maji mashambani huku Kahe na Mabogini, maana inaniuma sana nikiona mashine nzima inauzwa skrepa kisa mafuta machafu.

Mashine ikianza kumisi, yaani kukatakata, au ikigoma kuwaka anaitwa fundi, na fundi akifika anakimbilia pampu, ile ya kusukuma dizeli sio ya maji. Jamani, pampu ndo ya mwisho kuguswa! Mle ndani plunja, kile kipande kinachosukuma dizeli, imeachiwa nafasi ya maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una kama 70, sasa wewe unaifungulia chini ya mwembe vumbi linapiga halafu unaifuta na kipande cha khanga, hapo umeshaiua.

Juzi kati kuna mama wa Kahe nyanya zinamkaukia shambani, kaambiwa anunue pampu nyingine ya dizeli. Tukafungua bakuli la filta tu, chini kuna maji ya rangi ya kutu, juu yake utando mweusi unavutika kama mlenda. Ule ni vijidudu, vinaishi pale maji na dizeli vinapokutana. Tukamwaga tangi lote, tukaosha, tukaweka filta mpya, tukatoa upepo kwenye paipu za dizeli, ikawaka na pampu ile ile.

Maji yanatoka wapi? Kwenye madumu, na pia tangi likilala nusu ile hewa ya ndani ikipoa usiku inatoa jasho, hasa mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku mnaijua. Kwahiyo jaza tangi jioni, asubuhi kabla hujawasha legeza kizibo cha chini umwage maji yaliyotuama.

Halafu hili la kuchanganya mafuta ya taa, mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi yake ili watu waache kuchakachua dizeli, lakini wapo wanaoweka wenyewe eti inasafisha nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini. Plunja haina oili nyingine zaidi ya hiyo hiyo dizeli, na mafuta ya taa ni mepesi, yanaila taratibu.

Kutoa upepo wala sio kazi ngumu, legeza skrubu ya juu ya filta, acha dizeli itoke mpaka mapovu yaishe, kaza, kisha legeza nati ya paipu pale kwenye nozeli, zungusha hendeli mpaka itoke safi, kaza tena. Nozeli yenyewe usiisugue na brashi ya waya, peleka kwa mwenye kifaa cha kupimia aone inatoa ukungu au inadondosha. Na usiweke kidole mbele ya nozeli hata kwa kujaribu, presha yake inapita zaidi ya mara 100 ya hewa ya kawaida, dizeli inatoboa ngozi inaingia ndani. Ukiona katundu kama ka sindano nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakaumi.

Mwisho naomba wenye maduka ya spea hapa Moshi mtuuzie washa za kopa za nozeli, vile vipete vya kuzibia, moja moja. Kila nozeli ikitolewa inataka washa mpya, sasa mkilazimisha mtu anunue seti nzima anarudishia ya zamani, inavuja moto, na kesho nozeli imeungua.

Fundi wa mashine,
Majengo, Moshi