Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka ilifanyika, maktaba ilifunguliwa kila Jumamosi, jarida lilitoka. Hayo mnayajua.

Linalodai maelezo ni uamuzi wangu kwamba mhadhara mkuu uwe juu ya meli za mafuta za Norwei katika TM 1, msafara wa meli zilizolindwa na manowari katika Vita vya Pili vya Dunia, si juu ya meli ya abiria Khedive Ismail. Wapo waliosema nimewatupa askari wetu wa mizinga walioondoka Mombasa ndani yake wakazama Februari 1944. Sikuwatupa. Ila kila mwaka tunasoma habari za manowari bila kuuliza mafuta yake yalitoka wapi.

Korveti, yaani manowari ndogo za kulinda misafara, za aina ya Flower zilibeba tani 230 tu za mafuta. Zikishinda zinafukuza nyambizi huku na huko, mafuta hayafiki ng'ambo ya Atlantiki. Lazima zijaze humo humo msafarani. Meli ya mafuta huachia nyuma yake kamba yenye boya na bomba la mpira linaloelea. Korveti huopoa kamba, huvuta bomba hadi omo, yaani mbele ya meli, hulifunga, kisha hufuata kwa mwendo uleule saa nzima na zaidi. Mawimbi yakichafuka, bomba hukatika. Tena si kila shehena inafaa: boila zinataka mafuta mazito, petroli haisaidii kitu.

TM 1 iliondoka Trinidad 28 Desemba 1942 kupeleka mafuta kwa majeshi ya Afrika Kaskazini: meli 9 za mafuta, zikilindwa na manowari Havelock na korveti 3. Makao ya jeshi la majini London yalimshauri Kamanda Boyle, mkuu wa walinzi hao, apite kusini zaidi. Akakataa, akitafuta bahari tulivu ya kujazia. Wakaangukia mikononi mwa nyambizi za Kijerumani. Meli ya Norwei Albert L. Ellsworth ilipigwa na nyambizi U-436 tarehe 8 Januari 1943. Kesho yake U-522 ikazipiga Minister Wedel na Norvik, nazo za Norwei. Zilizofika Gibraltar ni 2, mojawapo Vanja, nayo ya Norwei. Wengi humlaumu Boyle. Mimi nauliza: korveti iliyokaukiwa mafuta ingemlinda nani?

Utafiti huo niliufanya peke yangu. Waliokuja kusikiliza ni 14 kati ya wanachama 83, na walalamikaji wakubwa hawakuonekana. Waliolipa ada ni 31. Wengine 52 wanadaiwa jumla ya shilingi 1,560,000, na ukumbi bado haujalipiwa.

Mwakani, fedha zikiruhusu, Khedive Ismail itapata zamu yake, Mungu akipenda.

Mwenyekiti