Ukoo wa enzi ya Mjerumani: anzeni parokiani

Mhariri,

Wengi wanaotafuta ukoo wao hadi enzi ya Mjerumani hapa Mwanza hukimbilia Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na kurudi mikono mitupu. Anzeni na wazee. Andikeni majina yote ya kila mhenga, la utani pia, na kijiji chake. Miaka ipimeni kwa matukio: kabla au baada ya Wajerumani kuondoka Mwanza mwaka 1916, au reli kufika mwaka 1928.

Kisha nendeni parokiani. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Kageye mwaka 1878 na kufungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na vitabu vyao vya ubatizo ni vya Kilatini. Joannes ni Yohana, “patrinus” ni msimamizi wa ubatizo. Mkiona “circa” kabla ya mwaka, padre alikadiria. Pekueni miaka mitano mbele na nyuma. Tafadhali msiruke pembezoni mwa ukurasa! Tangu mwaka 1908 Kanisa linaagiza ndoa iandikwe hapo, na hiyo ndiyo njia ya kufikia kizazi kinachofuata.

Kinachopoteza watu zaidi ni tahajia. Mjerumani aliandika Muansa badala ya Mwanza, “sch” badala ya “sh”, “dsch” badala ya “j”. Someni kwa sauti, sikio litatambua jina ambalo jicho limelikosa.

Vitabu hivi ni nakala moja moja. Ombeni ruhusa kwa paroko, pigeni picha bila mwanga wa kamera, na msiguse karatasi kwa vidole vyenye mate.

Wasomaji wenu,
Mwanza