Milango sita, mita moja

Mhariri,

Nina nyumba ya vyumba sita hapa Ilomba, Mbeya, aliyoniachia marehemu mume wangu. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Daftari la umeme linaning'inia kwenye msumari koridoni, na kila anayechangia anaandika mwenyewe, maana mwaka juzi nusura watu washikane mashati kwa sababu ya hita ya kuchovya kwenye ndoo. Baridi ya Julai huku mnaijua. Utamkatazaje mama mwenye kichanga asipashe maji?

Wapangaji wangu ni watu wa taa, simu, redio na pasi ya Jumapili. Hakuna anayefikisha hata uniti 25 kwa mwezi. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75, anauziwa uniti kwa shilingi 100. Sasa mita haijui kuna milango sita. Inaona uniti 110, 120, inatuhesabu kama mtu mmoja mlaji mkubwa, tunauziwa kwa 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini 3, na 1 ya EWURA, wale wasimamizi wa bei ya umeme, inafika 356. Ukinunua wa elfu kumi unaambulia uniti 28, hapo kodi ya jengo hawajakata.

Jirani yangu wa nyumba ya geti anaishi peke yake, safari haziishi. Yeye analipa 122 kwa uniti, kodi zote ndani. Simwonei kijicho. Ila muuza mboga wangu wa chumba cha tatu analipa karibu mara tatu yake.

Nimeshauriwa nivute mita sita. Mjini, hata bila nguzo, kuunganishwa ni shilingi 320,960 kwa mita. Zidisha. Hela hiyo ningeirudisha kwenye kodi ya vyumba, na wa kulipa ni walewale. Vimita vya ndani tulifunga. Ugomvi umepungua, bei imebaki palepale.

Zamani tukiuliza tunaambiwa mabwawa yamekauka. Leo maji ya Usangu, mkoani kwetu, yanashuka na Ruaha Mkuu, yanazungusha mitambo ya Mtera, ya Kidatu, halafu yanaingia Rufiji kuzungusha ya Bwawa la Nyerere, lenye megawati 2,115. Maji yetu yanafanya kazi mara tatu, sisi wa Mbeya tunahesabiwa mara moja!

Ombi langu kwa EWURA ni dogo: mkipitia bei tena, zile uniti 75 zihesabiwe kwa kaya, siyo kwa mita. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani analala wapi, barua yake ingetosha. Najua kuna wenye nyumba wataandikisha hadi mbuzi. Basi waje wahesabu vitanda. Kwangu karibuni, daftari lipo msumarini. Ukurasa wa Juni: uniti 118, shilingi 42,036. Kwa bei ya yule jirani zingekuwa 14,396.

Mama mwenye nyumba,
Ilomba, Mbeya