Barua kwa mwanangu: ufundi wa jukwaa usiuache

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Tanga tu wazima. Bibi yako mguu umepungua kuuma, anakusalimia sana na anauliza utakuja lini. Baba yako amesafiri, ila ujumbe wako aliusoma kabla hajaondoka na tuliuzungumza hadi usiku.

Umesema mwakani unataka kuchukua masomo ya uigizaji peke yake, na ufundi wa jukwaa utauacha kwa sababu hukwenda Chuo Kikuu, Mlimani, kushona nguo wala kupigilia misumari. Mimi ndiye mshonaji, mama, kwa hiyo niache nikujibu kwa kirefu. Uigizaji sikukatazi hata kidogo. Ada yako ya kwanza nililipa kwa moyo mweupe, ndugu wakisema waliyosema, na leo nikiambiwa nilipe tena nitalipa. Ninachokuomba ni kwamba hayo unayoyaita ya pembeni usiyaache, kwa maana nayo ni uigizaji.

Nitakuonyesha kwa mchezo mnaousoma muhula huu, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969 mwandishi akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Wewe umenisimulia hotuba zake, na najua unazipenda. Mimi nakuuliza habari ya nguo. Wazee wa Umatumbi walisimulia kwamba kule Ngarambe, Kinjeketile, yule mganga ambaye mchezo umeitwa kwa jina lake, alivutwa na kuzama majini, ndugu na jamaa wakakesha ukingoni, waliojua kuogelea wakapiga mbizi wasimwone. Kesho yake akatoka, nguo zake kavu. Watu waliamini dawa yake ya maji, kwamba itawakinga na risasi, kwa sababu ya mambo kama hayo, na kwa imani hiyo wakaingia Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Sasa niambie, jukwaani utaonyeshaje nguo kavu? Mtu aliyekaa safu ya nyuma hawezi kuigusa. Uso wako hauwezi kumwambia kwamba shuka halijalowa, hata ujitahidi vipi.

Kitambaa ndicho kitamwambia. Nguo iliyolowa inashika mwili, rangi inakolea, pindo linaning'inia na mtu anatembea kwa uzito. Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningechukua shuka la pamba lililofuliwa mpaka likalainika, nikaliachia upana wa kutosha ili mwigizaji akigeuka lipepee. Halafu, na hapa ndipo penye kazi, wale waliopiga mbizi kumtafuta ningewalowesha kwa ndoo kabla hawajaingia. Mtazamaji akiwaona wamesimama wanatiririka maji huku mwenzao pindo linapepea, haelezwi tena. Na aliyevaa hilo shuka lazima ajue kwa nini limekatwa hivyo, ageuke kwa namna ya kulipa nafasi ya kupepea. Asipojua atalikusanya mkononi kwa sababu linamsumbua miguuni, na kazi yote imeharibika.

Taa nazo ni vivyo hivyo. Unakumbuka ile khanga nyekundu ya bibi? Iweke chini ya taa ya buluu, ile mnayotumia kuonyesha usiku, itaonekana karibu nyeusi. Iweke chini ya taa ya kijani, hali ni ileile. Mwongozaji alitaka bibi harusi, watazamaji wameona mfiwa. Kaniki nayo mbele ya pazia jeusi inapotea kabisa, unabaki uso na mikono vinavyoelea. Ndiyo maana kabla sijakata kitambaa cha maleba yoyote, yaani mavazi ya jukwaani, huwa naomba kipande kikajaribiwe chini ya taa zenyewe, si mchana dukani. Wewe utakayesimama chini ya taa hizo unapaswa kujua pia mwanga unaanzia wapi na kuishia wapi sakafuni. Nimeona waigizaji wazuri wakitoa machozi ya kweli hatua moja nje ya mwanga, na hakuna aliyewaona.

Kuna na mambo madogo. Maleba ya kubadili haraka hatuyawekei zipu nyembamba, inakwama mtu akiwa na jasho. Utepe wa kunata, ule wa velkro, ni mwepesi, lakini ukiufungua nyuma ya pazia wakati mwenzako anasema kwa sauti ya chini, ukumbi mzima utasikia ukichanika. Vifungo vya kubana ndivyo salama. Na mshono wa maleba tunauachia akiba kubwa kwapani na ubavuni, maana mwakani nguo hiyo itavaliwa na mtu mwingine mwenye mwili mwingine. Haya nayaandika kwa sababu siku zipu itakapokukwama zimebaki sekunde chache uingie, hatakuwepo wa kumwita. Utajisaidia mwenyewe.

Na usalama, mama. Kila taa inayoning'inia juu ya vichwa vyenu iwe na mnyororo wake wa akiba, ili kishikio kikilegea isimwangukie mtu. Mwigizaji asiyejua hili anafanya mazoezi chini ya hatari kila jioni. Ujifunze, uangalie juu kabla ya kuanza, na ukiona haupo useme.

Sijapata kukusimulia vizuri habari za Tuseme. Nilikuwa sekondari ilipoingia shuleni kwetu. Ilianzishwa mwaka 1996 na maprofesa Amandina Lihamba na Penina Mlama, kutoka idara hiyohiyo unayosoma wewe, ili wasichana wapate kusema yanayowakwamisha katika masomo. Hatukuanza kwa kuigiza. Tulianza kwa kukaa na kutaja: nani anaacha shule, kwa nini, nani anatusumbua, nani tukimwambia hasikii. Tukachambua sababu. Baada ya hapo ndipo tukatunga mchezo, tukauonyesha mbele ya wenzetu, walimu na wazazi, na mchezo ulipoisha tukajadiliana nao.

Mimi sikupewa nafasi ya kusema jukwaani, nilikuwa na haya mno. Nilipewa kazi ya kumvalisha msichana aliyeigiza mwanamume mmoja mkubwa, wa aina ambayo wasichana wengi walikuwa wameshakutana nayo njiani. Tuliazima koti, nikalijaza mabegani kwa vipande vya vitenge vilivyosokotwa, nikarefusha mikono ili ifunike nusu ya viganja. Yule msichana alikuwa mwembamba kuliko wewe. Alipolivaa alianza kutembea kwa njia ambayo hatukuwa tumemfundisha, mabega mbele, mikono nyuma. Alipoingia, wasichana walimjua mtu huyo kabla hajafungua mdomo, na minong'ono ilipita ukumbini kutoka benchi hadi benchi. Siku hiyo nilielewa kwamba nguo inaweza kumfundisha mwigizaji. Kazi yangu ya cherehani, iliyokulea wewe na ndugu zako, ilianzia kwenye koti lile. Baadaye Tuseme ilivuka mipaka kupitia FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu, ikafika nchi nyingine za Afrika, nami kila ninapoisikia inatajwa najivuna.

Walimu hao hao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikwenda kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, wakafanya kazi na wanakijiji wenyewe: kuibua matatizo yao, kuyatungia ngoma na michezo, kuyajadili. Ukipelekwa mahali kama hapo, jukwaa ni uwanja na taa ni jua. Wengi hufikiri hapo ufundi hauhitajiki. Unahitajika zaidi. Lazima ujue saa kumi jua litakuwa upande gani ili liwaangaze waigizaji badala ya kuwapiga watazamaji machoni. Ujue upepo unavuma kutoka wapi, maana utabeba sauti zenu au utazirudisha. Ujue watu watajipanga duara, kwa hiyo nguo yako inatazamwa hata mgongoni. Na hapo hakuna fundi mwingine ila nyinyi mliotoka kwenye gari.

Habari ya ajira sitaisemea sana, baba yako ameahidi kukuandikia mwenyewe. Nitasema tu kwamba mchezo una waigizaji wachache wakuu, na arusi, matamasha, filamu na makanisa vyote vinatafuta watu wanaojua taa, sauti na mavazi. Ukijua vyote viwili hutakaa bila kazi ukisubiri kuitwa.

Basi kabla usajili wa masomo haujafungwa, andikisha ufundi wa jukwaa. Kama mnagawana vikundi, omba maleba au taa. Na kama ni kweli mtaupandisha Kinjeketile mwisho wa muhula, nitumie vipimo vya waigizaji: mabega, kifua, kiuno, urefu kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Nina jora la pamba nyeupe dukani ambalo tunaweza kulitia rangi. Lakini muulize kwanza mwalimu wenu wa taa usiku wenu utakuwa wa rangi gani, kisha unipigie, tusije tukachovya rangi itakayokufa jukwaani.

Mama yako akupendaye