Januari ianze kupangwa Juni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu msongo wa mawazo unaowakumba wazazi kila Januari. Ushauri wa kujipa moyo pekee hautoshi. Wengi hulipwa mshahara wa Desemba kabla ya Krismasi, kisha husubiri wiki tano au zaidi, huku sare, madaftari na kodi ya nyumba vikidai.

Mwaka juzi nilikuwa nikizima simu jioni kumkwepa mwenye nyumba. Kilichonitoa pale ni kikoba chetu: tangu Juni kila mmoja huweka shilingi 5,000 kwa wiki, na sanduku lenye makufuli matatu halifunguliwi hadi sikukuu ziishe (tuligombana sana juu ya hilo). Vikundi vingine vijaribu, na waajiri wabakize sehemu ya mshahara wa Desemba wailipe wakati shule zinapofunguliwa.

Mzazi,
Morogoro